Sabuni ya Saa ya Mwisho

Goma, tarehe 11, mwezi wa kwanza

Mama Élodie,

Baharanyi wa kisiwani kwenu alishuka bandarini Kituku na mananasi yake, akanitafuta mpaka kwenye lango la kiwanda, akasema mbele ya walinzi: "Mirindi, bibi yako, mama Élodie, anasema Goma harudi tena." Walinzi walicheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Najua kinachokuuma. Mwezi wa kumi na moja boti yenu ilifika saa kumi za mchana, na mimi nilikuwa ndani mpaka saa kumi na mbili. Mlinisubiri juu ya magunia ya muhogo, wewe na mtoto, mpaka giza likaingia, na vijana wa bandarini wakakuuliza kama bwana yako ni mutu kweli ao ni jina tu. Siku ile sikukuomba msamaha vizuri. Nilikuwa nimechoka. Siku nne mlizokaa hapa nilikula nimefumba macho, mpaka Élodie akakuuliza kama papa ni mgonjwa.

Si mgonjwa. Nakata sabuni kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa juma. Nikitoka nyumbani, mtaani Lac Vert, ni giza, nikirudi ni giza. Chumba changu kina dirisha, lakini halijafunguliwa hata mlipokuwa hapa, na Jumapili nalala mchana kutwa, sijui linaonyesha nini.

Ningekupigia simu, lakini huko kwenu inashika tu juu ya kilima cha misheni, na pale watu wote wanasikiliza. Barua ni bora, hata kwa mkono wangu huu wa darasa la tano.

Kuna maneno yanatembea kiwandani kwamba patroni wetu mwenye kiwanda, Mama Charline, anataka kubadilisha masaa. Wengine wanasema tutaongezewa mawili. Nikijua nitakuandikia.

Mirindi


Bugarula, Idjwi, tarehe 20, mwezi wa kwanza

Papa Élodie,

Baharanyi anabeba nusu ya maneno. Nusu nyingine anaiuza pamoja na mananasi. Sikusema sirudi. Nilisema sirudi mpaka siku nitakaposhuka kwenye boti na kukuta wewe umesimama pale. Si rafiki yako, si mwendesha pikipiki uliyemtuma. Wewe. Naona ulisikia nusu iliyokufaa.

Yale magunia ya muhogo bado yako kwenye kichwa changu. Mtoto alilala juu yake na nguo zikanuka siku mbili.

Sikiliza jambo la maana. Élodie ametimiza miaka sita. Mwezi wa tisa anaanza shule, na mutoto haanzi shule mara mbili. Niambie kama ni huku kwa mama yangu ao ni huko kwako. Kama ni huku, basi tumekubali kuishi hivi, wewe kule, sisi huku, mpaka tuzeeke. Sisemi kwa hasira. Nasema ili ujue siku zinahesabika.

Jino lake la mbele limetoka. Alilitupa juu ya paa peke yake, akasema papa ndiye angelitupa mbali zaidi.

Bibiche


Goma, tarehe 6, mwezi wa pili

Mama Élodie,

Kaa chini ndipo usome.

Lazima nikueleze kwanza kazi yetu, sikuwahi kukueleza vizuri. Sabuni inapikwa kwa mawese, inamwagwa kwenye kisanduku kikubwa, na ikishika tunaikata kwa waya. Ukivuta waya sawasawa, kipande kinasimama wima. Ukivuta umechoka, kinakatika upande. Mlangoni kuna meza ya jiwe la volkano iliyosuguliwa, na msimamizi wetu, Shefu Édouard, anasimamisha kila kipande juu yake. Kikisimama, kinaenda kufungwa. Kikianguka, kinarudi kwenye sufuria. Sauti ya sabuni inayoanguka, nakuambia, naisikia mpaka ndotoni.

Jumatatu Mama Charline alituita wote uani. Ni mwanamke mfupi, haongei sana. Alisema: "Miezi sita Édouard ananiandikia ni saa ngapi sabuni inaanguka. Asubuhi haianguki. Kuanzia saa tisa mchana inaanguka kama mvua. Kwa hiyo ninalipa makaa mara mbili ili kupika sabuni ileile, na nyinyi munachoka mara mbili. Tena kila mwezi watu wanane wananikimbia, na wapya wanane wanaharibu zaidi. Sasa tutaingia saa moja asubuhi, tutatoka saa tisa. Na mushahara unapanda, kutoka dola themanini mpaka mia moja na ishirini."

Unafikiri tulipiga makofi? Hakuna aliyepiga. Rafiki yangu Havugimana, yule wa Rutshuru aliyemaliza sekondari na bado anakata sabuni na sisi, akaninong'oneza: "Mutu akikupa kitu hukumuomba, hesabu vidole vyako."

Kuna sharti. Ni majaribio ya miezi mitatu, wa tatu, wa nne na wa tano. Sabuni zinazoanguka zisipopungua, tunarudi kwenye masaa kumi na mawili na mushahara wa zamani, na yeye hataki kusikia habari hiyo tena.

Hesabu mwenyewe. Kutoka saa tisa, boti inafika saa kumi. Kutoka kiwandani mpaka Kituku ni mwendo wa nusu saa.

Mirindi


Bugarula, tarehe 18, mwezi wa pili

Papa Élodie,

Nimesoma mara tatu. Mara ya nne nilimsomea mama, na yeye akauliza, "Huyo patroni anaumwa?"

Mimi nafurahi, lakini furaha yangu nimeiacha bado mlangoni, haijaingia ndani. Utafanya nini na mchana? Hujawahi kuwa na mchana tangu nikujue. Anza na hili: angalia dirisha lako na uniambie linaonyesha nini.

Bibiche


Goma, tarehe 23, mwezi wa nne

Kwako mke wangu mpenzi, ua la bustani ya moyo wangu,

Ninachukua nafasi hii adhimu kukujulia hali, nikitumaini kwamba wewe na kipenzi chetu Élodie mko katika afya tele, kama nilivyo mimi, mzima wa afya njema kabisa, bila tatizo lolote la mwili wala la viungo.

Kazi inaendelea vizuri sana. Masaa ni machache, mapumziko ni mengi. Baada ya kazi ninapumzika nyumbani kwa utulivu mkubwa. Samahani kwa kuchelewa kuandika. Ni pirikapirika za hapa na pale.

Pokea busu elfu moja zinazoruka juu ya mawimbi ya ziwa Kivu.

Wako wa milele,
Mirindi


Bugarula, tarehe 1, mwezi wa tano

Mirindi,

Tangu lini mimi ni ua? Miaka saba tangu tuoane, unaniita Mama Élodie, ao unaniita "wewe", na tulielewana vizuri. Mwambie mutu aliyekuandikia kwamba ana mkono mzuri, herufi zake zimelala zote upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Wako wewe ni wa kuku aliyekanyaga tope, na ndio ninaoujua. Na mutu mzima wa mwili hasemi "bila tatizo la viungo". Nani alikuuliza habari za viungo?

Mwanzoni nilifikiri ni mwanamke. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, sikupika. Halafu nikasema hapana, mwanamke asingetuma busu elfu moja kwa bibi mwingine.

Halafu Baharanyi akarudi. Anasema amekuona Kituku, si mara moja, karibu kila siku anapofika. Saa kumi za mchana unasukuma chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, yenye magunia, kitambaa kwenye mkono, jasho mpaka kwenye viatu. Kwa hiyo wamekufukuza kiwandani na unanificha. Sawa. Kufukuzwa si aibu. Lakini sikia kinachonichoma, Papa Élodie: pale pale. Pale nilipokusubiri mpaka giza, sasa uko kila siku, saa ileile, na unapokea mizigo ya watu wengine.

Na dirisha bado hujaniambia.

Bibiche


Goma, tarehe 16, mwezi wa tano

Mama Élodie,

Huu ni mkono wangu, unaona mwenyewe. Naandika na kidole gumba kimoja na nusu, kwa hiyo kuku wako leo anachechemea.

Hawakunifukuza. Ukweli ni mbaya kidogo kuliko huo, kwa sababu kosa ni langu.

Juma la kwanza nilitoka saa tisa, nikasimama nje ya lango, jua liko juu, na sikujua miguu iende wapi. Niliogopa. Nilijiambia: kitu kizuri namna hii hakikai. Baada ya miezi mitatu watakichukua tena, na mimi nitabaki na nini? Mzee mmoja hapa mtaani ana chukudu ambayo haitumii tena. Nikaikodi kwake. Kutoka saa tisa na nusu nabeba muhogo na makaa kutoka Kituku mpaka Katindo, kule kambi ya askari, napanda na mzigo, nashuka mtupu, mpaka giza. Kwa hiyo nilirudi kwenye masaa yangu ya zamani, tena kwenye kilima. Sikukuambia kwa sababu nilitaka siku moja nikuonyeshe pesa nilizoweka, useme, "Kumbe ana akili."

Mwezi wa nne, saa mbili asubuhi, asubuhi nakuambia, saa ambayo sabuni haianguki, nilisinzia nimesimama. Waya ulipita kwenye kidole gumba cha kuume. Ncha imeenda. Kidole kinapona, usilie. Havugimana ndiye aliyeandika ile barua. Nilimwambia andika kwamba niko salama. Maua na busu aliongeza mwenyewe, anasema ndivyo wanavyofundisha sekondari. Nimemwambia ulivyosema kuhusu herufi zake, amefurahi siku nzima, hakusikia kingine.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Ijumaa Mama Charline alituita tena uani. Alikuwa na daftari la Édouard mkononi. Sabuni hazikupungua kuanguka. Tofauti ilikuwa kwamba sasa zinaanguka hata asubuhi. Alisema: "Sielewi. Nimewapunguzia masaa manne, na munakuja hapa kama watu waliotoka vitani. Mwezi ujao turudi kama zamani." Hakukasirika. Alikuwa na huzuni, na hiyo ilinishinda.

Kila mutu aliangalia viatu vya mwenzake. Mimi nilikuwa na maneno yako mfukoni: unapokea mizigo ya watu wengine. Nikanyanyua mkono, huu wenye kitambaa. Nikasema, "Mama, hatulali. Yale masaa uliyotupa, mimi niliyauza. Nasukuma chukudu mpaka giza."

Nilijua naweza kupoteza kazi hapo hapo.

Édouard akasema, "Wewe peke yako?" Halafu Havugimana akakohoa: yeye anabeba mawe kwenye ujenzi. Mwingine anaendesha pikipiki ya shemeji yake. Mwingine anauza mkaa. Mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoungama mbele ya padri, mpaka tukafika zaidi ya nusu. Mutu mmoja alikuwa anakata sabuni kwa jirani yetu anayeipika nyumbani! Hapo hata Mama Charline alicheka, akafunika mdomo kwa daftari.

Halafu akasema: "Mimi sina ruhusa ya kuwafuata nyumbani. Masaa ni yenu. Lakini nilinunua manane na nikawaachia mengine mulale, mucheze na watoto, mukae bure. Sikufikiri kwamba kuna watu hawajui kukaa bure."

Édouard akajibu kwa niaba yetu: "Patroni, hawajawahi kufundishwa."

Ametuongezea mwezi mmoja, wa sita. Jioni ileile nilimrudishia mzee chukudu yake. Havugimana ameacha mawe. Si wote wameacha, sitakudanganya, wale wenye deni wanaendelea. Lakini wengi.

Jana nilifika nyumbani saa tisa na nusu. Nilivua viatu. Nilikaa kitandani, na kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine, nikafungua dirisha. Linaonyesha ukuta wa mawe meusi, mparachichi wa jirani, na nyuma yake kipande cha ziwa kama sahani. Nikaendelea kuangalia. Ukungu ulipoondoka nikaona kitu cha bluu mbali, kirefu, kimelala juu ya maji. Nilimuuliza jirani ni nini. Alinishangaa. "Papa, hicho ni Idjwi."

Miaka miwili nimelala na dirisha hilo limefungwa.

Mirindi


Goma, tarehe 2, mwezi wa saba

Mama Élodie,

Fupi, maana Baharanyi anapiga kelele boti inaondoka. Daftari la mwezi wa sita: sabuni zilizoanguka ni chini ya robo ya zile za zamani. Masaa manane yanabaki. Mushahara unabaki. Hakuna aliyekimbia kiwanda mwezi huu hata mmoja, na Édouard analalamika kwamba hana wa kumfokea.

Karibu na kanisa kuna shule, uwanja wake ni wa lava lakini wamemwaga mchanga juu. Nilienda kuuliza. Mchana. Nilivaa shati.

Njooni Jumapili mnayotaka. Nitakuwa pale.

Mirindi


Bugarula, tarehe 10, mwezi wa saba

Papa Élodie,

Jumapili hapana. Jumapili kila mutu ana nafasi, hata bwana mbaya. Tutapanda boti Jumanne, tarehe 23. Siku ya kazi.

Usijibu. Ukijibu utaahidi, na mimi sitaki ahadi.

Bibiche


Goma, tarehe 25, mwezi wa saba

Mama,

Tumefika kwa Mirindi salama, mimi na Élodie. Nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya lile dirisha, na ni kweli, unaonekana. Si wewe, kisiwa. Élodie anapunga mkono kila asubuhi, anasema wewe bibi yake unamuona, na mimi simkatazi.

Nikueleze ya Jumanne, kwa sababu Baharanyi atakuletea nusu.

Ziwa lilikuwa limetulia na boti ilienda mbio. Tulifika Kituku saa nane na robo. Mapema! Nahodha anajisifu, mimi nataka kumtupa majini. Nilijua Mirindi yuko kazini mpaka saa tisa, nilijua kwa kichwa changu, lakini moyo haujui kusoma saa. Nikashusha mizigo. Na mahali pa kukaa palikuwa wapi? Magunia ya muhogo. Mama, nadhani ni yaleyale. Vijana wa bandarini wakaanza: "Dada, umepotea? Bwana yuko wapi?" Nikasema, "Yuko kazini. Anatoka saa tisa." Wakacheka: "Kazi gani ya Goma inatoka saa tisa?"

Saa tisa ikapita. Saa tisa na dakika ishirini. Élodie akauliza kama tutalala hapa tena.

Halafu nikasikia magurudumu ya mbao kwenye mawe, yale makelele unayoyajua. Nikageuka. Alikuwa anakuja mbio, mama, nguo za kazi, sabuni imekauka mpaka kwenye viwiko, anasukuma chukudu. Damu ilinipanda. Nikasema, "Ulisema umeirudisha!"

Akasimama mbele yangu, anahema. Akanyanyua kidole gumba kile kifupi, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Halafu akasema: "Nimeiazima. Kwa leo tu. Nilitaka kubeba mizigo yangu mwenyewe."

Wale vijana wakasogea kutupisha njia.

Akafunga mabegi kwa kamba, akamketisha Élodie juu kabisa kama chifu, akasukuma. Mimi nikatembea pembeni. Jua lilikuwa bado kali na watu walituangalia. Njiani akaniuliza kuhusu wewe, kuhusu mbuzi, kuhusu jino, akasikiliza majibu mpaka mwisho. Sikumbuki mara ya mwisho aliposikiliza majibu mpaka mwisho.

Tulipofika alikula, macho wazi. Halafu akalala kidogo, na Élodie akakaa karibu yake kumfukuzia inzi, akaniambia kwa sauti ndogo: "Si mgonjwa. Anapumzika tu."

Nguo zangu nyingine na sufuria kubwa mpe Baharanyi azilete. Mtoto ameandikishwa shule huku.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha sabuni. Usifulie kwanza. Mirindi aliniambia alikikata mwenyewe siku ileile ya Jumanne, saa tisa kasoro dakika kumi, akijua kwamba tuko njiani. Kiweke juu ya meza yako, ile inayoyumba kwa mguu mmoja mfupi, na ukisimamishe wima.

Utaona, hakianguki.

Mwanao,
Bibiche